Kinasi: kimeng'enya kinachopeleka habari ndani ya seli, na kwa nini kukizima hakuponyi kila saratani

Kila baada ya muda habari ya aina hii huzunguka: wanasayansi wamegundua kimeng'enya "kinachosababisha saratani", na dawa ya kukizima iko njiani. Wanaoisoma huuliza maswali ya namna mbili. Wapo wanaosema, kama mbaya wao amejulikana, mbona watu bado wanaugua na kufa? Na wapo wanaokumbuka vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa kama tiba ya kila kitu, wakauliza kama waviache sasa hivi au, kinyume chake, waviongeze. Maswali yote mawili ni halali. Tatizo ni kwamba habari yenyewe huandikwa nusu: hutaja kimeng'enya, ikaruka moja kwa moja hadi kwenye dawa, na katikati pameachwa wazi. Katikati hapo ndipo penye kisa chote.

Tuanze na kimeng'enya. Ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia ambalo bila yake lingechukua muda mrefu mno au lisingetokea kabisa. Wengi wetu tulikutana nacho shuleni kwenye somo la mmeng'enyo wa chakula, ambako kimeng'enya cha mate huvunja wanga na kile cha tumboni huvunja protini, na picha hiyo haikututoka tena. Lakini vimeng'enya vya chakula ni sehemu ndogo tu ya familia kubwa. Vingine hunakili DNA, vingine hujenga mafuta, vingine huondoa sumu kwenye ini. Na viko ambavyo kazi yao ni kupeleka habari kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Katika kundi hili la wapeleka habari, wanaotajwa zaidi kwenye saratani ni kinasi.

Kinasi hufanya jambo moja. Huchukua fosfeti, yaani atomu ya fosforasi iliyozungukwa na atomu za oksijeni, kutoka kwenye ATP, molekuli ile ile inayoipa seli nishati, na kuipachika juu ya protini nyingine. Basi. Ila fosfeti hubeba chaji hasi yenye nguvu, na protini iliyopachikwa hulazimika kujikunja upya. Kwa umbo jipya huanza kazi iliyokuwa haifanyi, au huacha iliyokuwa ikifanya, au hushikana na protini ambayo awali haikuwa na habari nayo. Kimeng'enya cha upande wa pili, fosfatasi, huing'oa fosfeti hiyo na kuirudisha protini ilivyokuwa. Kupachika na kung'oa huku hutokea ndani ya sekunde au dakika chache, usiku na mchana, katika kila seli yako. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na zaidi ya 500 kati ya hizo ni za kinasi.

Waliogundua mtindo huu hawakuwa wakitafuta tiba ya saratani hata kidogo. Edwin Krebs na Edmond Fischer, wakiwa Chuo Kikuu cha Washington jijini Seattle katikati ya miaka ya 1950, walitaka kujua jinsi msuli unavyoanza kuvunja akiba yake ya sukari unapohitaji nguvu. Walikuta kwamba kimeng'enya kinachovunja akiba hiyo huamshwa kwa kupachikwa fosfeti. Ilichukua miongo kadhaa hadi kueleweka kwamba mtindo huo haukuwa wa msuli peke yake bali wa karibu kila kitu ndani ya seli. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1992.

Hodi isiyopigwa na mtu

Kwa nini seli ihitaji wapeleka habari? Kwa sababu imezungukwa na utando wa mafuta ambao ujumbe mwingi kutoka nje hauwezi kuupenya. Kichocheo cha ukuaji, tuseme kile kinachotolewa karibu na kidonda ili ngozi ijizibe, ni protini kubwa. Haiingii. Inapiga hodi mlangoni na kubaki nje, na aliye karibu na mlango ndani ndiye anayeupokea ujumbe na kumwambia wa chumba cha pili, naye amwambie wa chumba cha tatu, mpaka habari ifike chumba cha ndani kabisa ambako uamuzi hutolewa.

Mlangoni hukaa kipokezi kiitwacho EGFR. Kimepita katikati ya utando: kichwa kiko nje kikisubiri kichocheo, mkia uko ndani, na mkia huo ndio kinasi. Kichocheo kikishika vichwa, vipokezi viwili huungana na kupachikana fosfeti. Kuungana huko huamsha protini iitwayo RAS, ambayo yenyewe si kinasi ila ni swichi muhimu. RAS humwamsha RAF, RAF humpachika fosfeti MEK, MEK humpachika ERK, na ERK huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika. Kila mmoja akiamka huamsha wengi wanaomfuata, kwa hiyo hodi ya sauti ndogo mlangoni inaweza kufika ndani ikiwa kelele. Ujumbe ukishafika, fosfatasi hung'oa fosfeti na nyumba hutulia.

Saratani nyingi ni hali ya mtu wa ndani kuitikia "karibu" ilhali hakuna aliyepiga hodi. Mara nyingine jeni ya kinasi hubadilika herufi moja tu. Kinasi BRAF, mmoja wa familia ya RAF, ina viungo 766 vya asidi za amino. Kikibadilishwa kiungo cha 600 pekee, valini ikaondoka na asidi ya glutami ikakaa mahali pake, BRAF hubaki imewaka bila kuamriwa na mtu. Karibu nusu ya saratani za ngozi aina ya melanoma zina badiliko katika BRAF, na mara nyingi ni hili hili. Mara nyingine kinasi yenyewe haina kasoro yoyote ila imetengenezwa kupita kiasi, kama HER2 katika takriban saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za matiti. Na mara nyingine vipande viwili vya kromosomu hukatika na kuungana vibaya, kikazaliwa kinasi ambacho mwili haujawahi kukitengeneza. Hicho tutakirudia.

Kabla ya hapo, jambo moja linalosahaulika sana. Badiliko lile lile la BRAF linapatikana katika vidoa vyeusi vya kawaida vya ngozi, vile ambavyo watu wengi wanavyo na ambavyo havitawahi kuwa saratani. Seli za kidoa ziligawanyika kwa muda, kisha mifumo mingine ya ulinzi ikazisimamisha, nazo zikakaa hivyo miaka yote. Kwa hiyo kusema "kimeng'enya hiki kinasababisha saratani" ni kusema jambo ambalo linakanushwa na mgongo wa msomaji mwenyewe. Kinasi iliyokwama kwenye kuwaka ni sehemu ya kisa. Huhitajika hitilafu nyingine pia, hasa katika protini zinazozuia seli isigawanyike ovyo na zile zinazoiamuru ijiue inapoharibika.

Ugonjwa mmoja, kimeng'enya kimoja

Matumaini makubwa yaliyopo leo kuhusu dawa za kuzima kinasi yanatokana kwa kiasi kikubwa na ugonjwa mmoja, lukemia sugu ya mieloidi, ambayo madaktari huiandika CML. Ni saratani ya damu ambamo uboho hutoa seli nyeupe kwa wingi usio na kikomo.

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi Philadelphia, waliona kwamba seli za wagonjwa hawa zina kromosomu moja ndogo isivyo kawaida. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Miaka 13 baadaye Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba haikuwa imepungua tu: kipande cha kromosomu ya 22 kilikuwa kimehamia kwenye ya 9, na cha ya 9 kikahamia kwenye ya 22. Katika miaka ya 1980 ikajulikana kilichotokea pale vilipoungana. Jeni ya kinasi iitwayo ABL ilikuwa imebandikwa kwenye jeni nyingine, BCR, na mchanganyiko huo ukatoa kinasi isiyozimika, BCR-ABL. Panya waliowekewa jeni hiyo kwenye uboho walipata ugonjwa unaofanana na wa binadamu. Ni nadra katika saratani kupata ushahidi ulionyooka namna hiyo: hitilafu moja, kimeng'enya kimoja, ugonjwa mmoja.

Swali likawa kama kinaweza kuzimwa. Wengi walikuwa na shaka, na shaka yao ilikuwa na msingi. Kila kinasi ina kijishimo cha kushikia ATP, na vijishimo hivyo hufanana. Dawa inayoziba kimoja, walisema, itaziba mamia, na mgonjwa atakufa kwa dawa kabla ya kufa kwa saratani. Kikundi cha Nicholas Lydon katika kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel kiliendelea kutengeneza molekuli moja baada ya nyingine, na Brian Druker, daktari wa saratani aliyekuwa Portland, Oregon, akazijaribu kwenye seli za CML. Moja ilijitokeza. Iliua seli zenye BCR-ABL na kuziacha nyingi za kawaida. Baadaye ilieleweka kwa nini ilikuwa na uchaguzi: inashika kijishimo pale tu kinasi inapokuwa imejikunja katika umbo lake la kupumzika, na maumbo ya kupumzika hutofautiana zaidi ya yale ya kazini.

Molekuli hiyo ndiyo imatinib. Ilianza kupewa wagonjwa mwezi Juni 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopata miligramu 300 au zaidi kwa siku, wote walioshindwa na matibabu ya awali, 53 walirudi kwenye hesabu ya kawaida ya chembe za damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo Mei 2001. Kidonge kwa siku kilichukua nafasi ya sindano za intaferoni zilizowaacha watu kama wana homa kali, na ya upandikizaji wa uboho uliokuwa hatari na usiopatikana kwa wengi. Wagonjwa wanaogunduliwa mapema na kuitikia dawa sasa huishi umri unaokaribia ule wa watu wasio na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliiweka imatinib kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015.

Wengine hata wameacha dawa. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2010, wagonjwa ambao vipimo nyeti havikuona tena alama ya BCR-ABL kwa angalau miaka miwili walisimamishiwa imatinib. Takriban 4 kati ya 10 hawakurudiwa na ugonjwa katika mwaka uliofuata, na waliorudiwa kwa kawaida waliitikia tena walipoanzishiwa dawa upya. Hilo lilifanywa kwa kupimwa damu mara kwa mara. Mtu anayejisikia mzima akaamua mwenyewe kuviweka vidonge kabatini anafanya kitu kingine kabisa.

Kuzima kimeng'enya kisichostahili kuzimwa

Laiti habari ingeishia kwa imatinib, vichwa vya habari vingekuwa sahihi. Lakini molekuli zilizozaa imatinib zilianza safari yao katika kutafuta kitu kingine. Zilikuwa zimeonekana kuzima kinasi iitwayo PKC, na watengenezaji walipoongeza kikundi kidogo cha atomu mahali fulani, uwezo wa kuzima PKC ukapotea na ule wa kuzima ABL ukaongezeka. Waliokwenda na ABL walifanikiwa. Waliobaki na PKC walihangaika miaka 30, na kisa chao kinafundisha zaidi, ingawa hakisimuliwi.

PKC iligunduliwa na Yasutomi Nishizuka na wenzake, Kobe, Japani, mwaka 1977. Mwaka 1982 ikabainika kwamba phorbol, kemikali za kwenye mafuta ya mbegu za krotoni, huiamsha moja kwa moja. Kemikali hizo zilijulikana vizuri katika maabara za saratani: ukimpaka panya kitu kinachoharibu DNA kidogo, kisha ukampaka phorbol mara kwa mara, uvimbe huota. Hoja ikajijenga yenyewe. Phorbol hukuza uvimbe, phorbol huamsha PKC, basi PKC hukuza uvimbe, basi tuizime. Dawa zikatengenezwa, zikapelekwa kwa wagonjwa wa saratani za aina mbalimbali, na zikaanguka moja baada ya nyingine.

Mwaka 2015 maabara ya Alexandra Newton, Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilifanya jambo ambalo ukilisikia unashangaa kwamba halikufanywa mapema. Walichukua mabadiliko ya jeni za PKC yaliyopatikana kwenye saratani halisi za watu, wakapima 46 kati yake ili kuona kila moja linaifanya nini PKC. Mengi yaliipunguza nguvu au kuiua kabisa. Hakuna hata moja lililoiwasha. Waliposahihisha badiliko mojawapo katika seli za saratani ya utumbo mpana, uvimbe ulikua polepole zaidi ndani ya panya. Kwa maneno mengine, katika saratani nyingi hizo PKC ilikuwa breki, na dawa zilikuwa zikikanyaga mguu wa anayejaribu kusimamisha gari.

Na phorbol je? Huiamsha PKC kweli, lakini ikiamshwa mfululizo bila kupumzishwa, seli huivunjavunja na kuiondoa. Panya waliopakwa kwa wiki nyingi hawakuwa na PKC nyingi mno. Inaelekea waliishia kuwa nayo kidogo. Vipimo vya saa ya kwanza vilikuwa sahihi, tafsiri ya mwezi mzima ndiyo iliyopotoka. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kuwa na subira na kila kichwa cha habari kinachosema "kimeng'enya kinahusishwa na saratani". Kuhusishwa kunaweza kumaanisha mkosaji, na kunaweza kumaanisha askari aliyeuawa mlangoni.

Ajabu nyingine ni kwamba mojawapo ya dawa zilizotengenezwa kuzima PKC ilipata kazi baadaye. Midostaurin iliidhinishwa 2017 kwa aina ya lukemia kali ambamo kinasi tofauti, FLT3, imekwama kwenye kuwaka. Molekuli ni ile ile. Kilichobadilika ni kujua ilenge nani.

Kipimo kwanza

Swali la maana kwa mgonjwa, basi, halihusu ubaya wa kimeng'enya. Ni kama uvimbe wake unakitegemea. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua unatoka kwenye saratani ya mapafu. Gefitinib, dawa inayoziba kinasi ya EGFR, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Wagonjwa wachache walipata nafuu ya kushangaza, wengi hawakupata chochote, na hakuna aliyeweza kusema mapema nani atakuwa wapi. Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba walioitikia walikuwa na mabadiliko maalumu kwenye jeni ya EGFR.

Kisha likaja jaribio la IPASS, lililofanyika Asia ya Mashariki na kuchapishwa 2009, likilinganisha gefitinib na tibakemikali. Kwa waliokuwa na mabadiliko ya EGFR, uvimbe ulipungua kwa asilimia 71 ya waliopewa gefitinib, dhidi ya asilimia 47 ya waliopewa tibakemikali. Kwa wasiokuwa nayo, gefitinib ilipunguza uvimbe kwa asilimia 1 tu ya waliopewa, huku tibakemikali ikifanya hivyo kwa karibu asilimia 24. Zisome tena namba hizo ukimfikiria mtu anayesema dawa mpya za kulenga ni bora kuliko "kemo", basi apewe tu. Mgonjwa wa kundi la pili aliyepewa dawa ya kisasa bila kipimo amenyimwa dawa ambayo ingeweza kumsaidia.

Hata kipimo kikionyesha badiliko, kiungo cha mwili lilipo kina neno lake. Vemurafenib, inayozima BRAF yenye lile badiliko la kiungo cha 600, iliidhinishwa 2011 kwa melanoma na ilipunguza uvimbe wa wagonjwa wengi haraka. Baadhi ya saratani za utumbo mpana zina badiliko hilo hilo, herufi kwa herufi. Dawa hiyo ikitumiwa peke yake huko karibu haikufanya kitu. Mwaka 2012 sababu ikaonekana: BRAF ikizimwa, seli hukosa ishara iliyokuwa ikiituliza EGFR, na EGFR huamka na kupitisha ujumbe kwa njia ya pembeni. Seli za utumbo zina EGFR nyingi, zile za rangi ya ngozi zina kidogo. Suluhisho lilikuwa kuziba vyote viwili kwa pamoja, na mseto wa namna hiyo uliidhinishwa 2020.

Dawa hizo za BRAF zina ujanja mwingine usiotarajiwa. Katika seli ambazo BRAF yake ni nzima, dawa inaweza kuishika RAF moja na kwa kufanya hivyo ikamwamsha mwenzake aliyeungana naye, ujumbe ukaongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa melanoma waliotumia vemurafenib waliota uvimbe mwingine wa ngozi, wa aina tofauti, uliokatwa kwa upasuaji mdogo. Kuongeza dawa inayoziba MEK, hatua inayofuata kwenye mnyororo, kulipunguza tatizo hilo.

Yasemwayo kuhusu dawa hizi

Husemwa kwamba dawa za kulenga hazina madhara kwa sababu "zinapiga saratani tu". Hapana. Kinasi inayolengwa mara nyingi ina kazi halali kwingineko. Ngozi na utumbo hutegemea EGFR, kwa hiyo wanaotumia gefitinib na ndugu zake hupata vipele na kuharisha. Imatinib huvimbisha kope na kukaza misuli. Trastuzumab, kingamwili inayoshika HER2, inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo sababu moyo hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Mengi ya haya hupungua kwa kurekebisha dozi. Ni madhara ya aina nyingine, wala hayafanani na yale ya tibakemikali, lakini yapo.

Vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa madukani havihusiani na mada hii kwa upande wowote. Kwa kawaida huwa na vimeng'enya vya kuvunja chakula. Hata mtu akimeza kinasi halisi, ni protini. Tumbo litaivunja kama linavyovunja protini nyingine, na haitafika ndani ya seli ya titi au ya pafu. Haviwashi saratani ya kinasi, haviizimi.

Mimea ni suala lenye ugumu zaidi, kwa sababu dai lake lina chembe ya ukweli. Kemikali nyingi za mimea huzuia kinasi kwenye sahani ya maabara. Kurkumini ya manjano ni mfano maarufu: hugusa protini nyingi mno, huvunjika upesi, na inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa 2017 hayakukuta jaribio hata moja la kurkumini, lile ambalo mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa nini, lililofaulu. Hatari iliyo karibu zaidi ni mwingiliano. Imatinib na nyingi za jamii yake huvunjwa na ini kwa kimeng'enya ambacho balungi hukipunguza nguvu, dawa ikapanda kwenye damu. Mmea wa Hypericum, unaotumiwa na wengine kwa ajili ya sonona, hufanya kinyume na kuishusha dawa hadi isitoshe. Vidonge vya kupunguza asidi tumboni navyo huzuia baadhi ya dawa hizi kufyonzwa vizuri. Daktari anayeandika dawa yenye jina linaloishia na "nib" anahitaji kutajiwa kila kitu mgonjwa anachokunywa, pamoja na kile ambacho mgonjwa anaona haya kukitaja.

Dai la mwisho ni zito kwa familia: kwamba dawa ilipunguza uvimbe kwa mwaka, kisha "ikaufanya uwe mkali". Kinachotokea mara nyingi ni kwamba miongoni mwa mabilioni ya seli za uvimbe zilikuwapo chache zenye badiliko jingine, au zililipata wakati wa matibabu, na dawa ikaua zote isipokuwa hizo. Katika CML, badiliko linaloogopwa zaidi ni la kiungo cha 315 cha ABL, ambapo threonini hubadilika kuwa isoleusini na kuizuia imatinib kuingia kwenye kijishimo. Lilielezwa mwaka 2001, mwaka ule ule dawa ilipoidhinishwa. Dasatinib ya 2006 na nilotinib ya 2007 zilimudu mabadiliko mengine mengi lakini si hilo. Ponatinib ya 2012 ililimudu, ila ilileta hatari ya kuziba mishipa ya damu. Asciminib, iliyoidhinishwa 2021, imeacha kabisa kugombania kijishimo cha ATP. Inashika sehemu nyingine ya ABL, mahali ambapo kinasi hiyo kwa asili hujifunga yenyewe. Katika saratani ya mapafu mwendo ni huo huo: karibu nusu ya waliorudiwa na ugonjwa wakitumia gefitinib au ndugu yake erlotinib walikutwa na badiliko la kiungo cha 790 cha EGFR, na osimertinib ikatengenezwa kwa ajili yake, ikaidhinishwa 2015, na yenyewe ikakutana na badiliko la kiungo cha 797.

Kwa hiyo dawa ikiacha kufanya kazi, hatua ya kwanza huwa ni kupima upya, kwa kipande kipya cha uvimbe au kwa vipande vya DNA vinavyoelea kwenye damu, kwa sababu majibu ya kipimo cha awali hayasemi lolote kuhusu seli zilizobaki sasa. Maabara hutafuta badiliko lililoongezeka, na dawa inayofuata huchaguliwa kwa jibu hilo. Lisipopatikana badiliko lenye dawa yake, tibakemikali bado ipo, na kwa wagonjwa wengi ndiyo inayofuata.